Mchezaji wa Mpira ni Mfanyakazi: Tumwandalie Kazi ya Baada ya Uwanja

Kazi nyingi humpokea mtu akiwa kijana na kumwacha akiwa mzee. Mwalimu mwenye umri wa miaka 35 ndiyo kwanza ameuzoea ubao. Seremala wa umri huo ndiyo kwanza jina lake linaanza kutajwa mtaani. Padre wa umri huo bado huitwa padre kijana. Lakini mchezaji wa mpira wa miguu mwenye miaka 35 huitwa mzee. Magazeti humwuliza atatundika lini daluga, na mashabiki waliowahi kumbeba mabegani humwambia awapishe wenzake. Mbele yake, Mungu akimjalia uhai, iko miaka mingine 30 au 40 ya kula, kuvaa, kulea watoto na kulipa kodi ya nyumba.

Ndugu wasomaji, huenda baadhi yenu mkashangaa kuona kijitabu cha haki na amani kikijishughulisha na mpira. Tumezoea kuandika humu habari za mashamba yanayoporwa, wafanyakazi wa ndani wasiolipwa, na wajane wanaonyang'anywa mali. Tunasema kwamba jambo hili ni la jamii hiyohiyo. Mchezaji wa kulipwa ni mfanyakazi. Ana mwajiri, ana mkataba, ana mshahara, na ana mwili ambao kazi inauchakaza. Lile ambalo Papa Leo wa Kumi na Tatu alilitetea mwaka 1891 juu ya mfanyakazi wa kiwandani, yaani ujira unaomtosha yeye na familia yake, halikomi kwenye mstari mweupe wa uwanja.

HURUMA INAYOCHELEWA

Sote tunaijua hadithi yenyewe, maana hurudiwa kila baada ya muda. Mchezaji huvuma kwa miaka minane au kumi. Kisha jina lake hupotea magazetini. Miaka hupita. Siku moja redio hutangaza kwamba ni mgonjwa, hana fedha za matibabu, na anaishi kwa hisani ya ndugu. Hapo ndipo wasamaria huanza kuchanga. Timu za wakongwe huandaa mechi ya hisani. Na akifariki, jeneza hufunikwa bendera ya klabu ambayo kwa miaka 15 haikuwahi kumpigia hodi.

Sisi tunaohudumu parokiani tumeombwa zaidi ya mara moja kutangaza michango ya namna hiyo baada ya Misa, na tumeitangaza kwa moyo wote. Hatuidharau huruma. Hata hivyo, tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Kanisa limetuonya tusimpe mtu kwa jina la huruma kile anachotudai kwa haki. Mtu aliyeingizia wengine fedha kwa miguu yake hakustahili kungojea augue ndipo akumbukwe. Alistahili mambo matatu wakati angali anacheza: mkataba wa kweli, akiba ya lazima, na nafasi ya kujifunza kazi nyingine. Kama angeyapata hayo, huenda bahasha zetu zisingehitajika.

ZAMANI KAZI ILIKUWAPO

Wazee wetu watakumbuka kwamba hali haikuwa hivi siku zote. Katika miaka ya 1970 na 1980 timu nyingi za Tanzania zilikuwa za mashirika ya umma na viwanda: Reli ya Morogoro, Bandari ya Mtwara, Pamba ya Mwanza, Sigara na Pilsner za Dar es Salaam. Kijana aliyesajiliwa na timu ya namna hiyo aliandikwa pia kazi katika shirika lenyewe. Asubuhi alikuwa karakana au ofisini, jioni alikuwa mazoezini. Mshahara haukuwa mkubwa. Lakini siku goti lilipogoma, hakufukuzwa duniani: alibaki na meza yake, spana zake na michango yake ya uzeeni.

Mashirika mengi ya namna hiyo yalipouzwa au kufungwa katika miaka ya 1990, timu zao nyingi zilikufa au kubadili wenyewe, na mpango ule ukafa pamoja nazo. Masalia yake tunayaona leo katika timu za majeshi, kama Tanzania Prisons ya Mbeya na JKT Tanzania, ambako mchezaji aliyeandikishwa utumishi huendelea na utumishi baada ya kucheza. Kwa wengine wote, mpira umekuwa kazi nzima, na kazi yenyewe ni ya muda mfupi.

Wakati huohuo fedha zimeongezeka. Mwaka 2021 haki za kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara kwenye televisheni ziliuzwa kwa Azam kwa miaka 10 kwa shilingi bilioni 225.6. Hatuna wivu na fedha hizo. Twafurahi kwamba kijana anaweza kuishi kwa kipaji chake. Ila fedha zimeingia kwa mlango mmoja na usalama wa mfanyakazi umetokea kwa mlango mwingine, na sisi tuliokuwa tunashangilia mabao hatukuona.

Wala tusidhani kwamba wachezaji wote ni matajiri. Mwaka 2016 shirikisho la vyama vya wachezaji duniani, FIFPRO, lilitoa matokeo ya uchunguzi uliowahoji wachezaji wapatao 14,000 katika nchi 54. Asilimia 41 kati yao walisema kwamba katika misimu miwili iliyotangulia waliwahi kucheleweshewa mishahara, na zaidi ya asilimia 45 walipata chini ya dola 1,000 kwa mwezi. Hao ndio wengi. Wale tunaowaona wakishuka kwenye magari ya fahari ni wachache mno.

HESABU YA MIEZI 180

Tufanye hesabu moja pamoja, maana haki isiyopigiwa hesabu huishia kuwa hotuba. Katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, mchango wa mwezi ni asilimia 20 ya mshahara. Mwajiri akimkata mfanyakazi, haruhusiwi kumkata zaidi ya nusu ya mchango huo. Ili mtu apate pensheni kamili ya uzee hana budi awe amechangiwa miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15, na awe amefikia umri uliowekwa: miaka 55 kwa hiari au 60 kwa lazima.

Chukueni kijana aliyesaini mkataba wake wa kwanza akiwa na miaka 20 na kuacha mpira akiwa na miaka 32. Tuseme alikuwa na bahati kubwa: hakukosa timu hata msimu mmoja, na kila klabu ilipeleka mchango kila mwezi bila kuchelewa. Kijana huyo atakuwa na miezi 144. Amepungukiwa miezi 36. Aliyecheza miaka 10 atakuwa na miezi 120, na amepungukiwa 60. Hata mchezaji aliyetendewa haki yote, basi, hawezi kwa mpira peke yake kuifikia pensheni. Kazi ya pili ndiyo itakayokamilisha hesabu yake. Asipokuwa na kazi ya pili, hata ile akiba ya ujanani itamfaa kidogo.

Liko na jambo jingine la kuangalia. Mchango hukatwa kwenye mshahara. Mkataba ukiandika fedha nyingi za usajili, zinazolipwa kwa mkupuo, na mshahara mdogo wa kila mwezi, mchango nao utakuwa mdogo. Kijana hufurahia mkupuo kwa kuwa anauona kwa macho, lakini uzee wake unapunjwa kimyakimya. Mzazi au kiongozi anayesoma mkataba pamoja na kijana na aanze kwa kutazama mshahara wa mwezi, kisha ndipo atazame usajili.

Ajali nazo zina sheria yake. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamtaka kila mwajiri wa Tanzania Bara ajiandikishe na kuchangia Mfuko wa Fidia, na michango ilianza kukusanywa mwaka 2015. Goti lililovunjikia uwanjani siku ya mechi limevunjikia kazini, sawasawa na mkono uliokatwa na msumeno kiwandani. Kijana anayeambiwa akajitibu kwao na anyimwe fidia hiyo amedhulumiwa.

FUNDI BOMBA WA PRESTON

Wapo wanaosema kwamba haiwezekani mtu akajifunza kazi nyingine na bado akacheza mpira vizuri. Tuwajibu kwa mfano wa mtu aliyezaliwa mwaka 1922 katika mji wa Preston, Uingereza, jina lake Tom Finney. Alipokuwa kijana, klabu ya mji wake ilimtaka. Baba yake alikataa asiwe mchezaji wa kulipwa mpaka kwanza amalize kujifunza ufundi bomba. Kijana alitii. Akawa mmoja wa wachezaji bora waliopata kuonekana Uingereza: aliichezea timu ya taifa mara 76 na kuifungia mabao 30. Siku hizo sheria za mpira wa Uingereza ziliweka kikomo cha mshahara wa mchezaji, na kikomo hicho kiliondolewa mwaka 1961, mwaka mmoja baada ya Finney kuacha kucheza. Hakupata utajiri wa mpira. Lakini alikuwa na biashara yake ya ufundi bomba, na watu walimwita kwa utani fundi bomba wa Preston. Alifariki mwaka 2014 akiwa na heshima zake zote.

Tunawaomba wazazi waitafakari hekima ya baba yule. Hakumzuia mtoto asicheze. Wala hakumwachia mpira umchukue mzima. Alimtaka awe na mikono miwili: mmoja wa kipaji na mwingine wa ufundi.

Kwetu nyumbani tunao Leodegar Tenga, nahodha wa Taifa Stars iliyokwenda Nigeria katika Fainali za Mataifa ya Afrika mwaka 1980. Huyu ni mhandisi kwa elimu, na baadaye aliliongoza Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania kuanzia mwaka 2004 hadi 2013. Tunaye Charles Boniface Mkwasa, aliyecheza Yanga na timu ya taifa, akajifunza ukocha hadi kuifundisha Taifa Stars, kisha akawa katibu mkuu wa klabu aliyoichezea. Elimu haikuwapunguzia hao mbio uwanjani.

Tutazame pia Liberia. George Weah alichaguliwa mwaka 1995 kuwa mchezaji bora wa dunia. Alipogombea urais mwaka 2005, wapinzani wake walimtupia maneno kwa kukosa elimu, naye akashindwa. Hakukaa kununa. Alirudi darasani akiwa mtu mzima, na mwaka 2011 akapata shahada ya biashara nchini Marekani. Aliingia Ikulu mwaka 2018, na aliposhindwa uchaguzi wa mwaka 2023 alikubali matokeo na kuondoka kwa amani. Mfano huu unatufundisha kwamba hakuna aliyechelewa kusoma. Lakini tusisahau kwamba Weah alikuwa na fedha za kujisomesha baada ya kuacha mpira. Mchezaji wa kawaida wa Mbeya au wa Kakamega hana fedha hizo. Kwake yeye, muda wa kusoma ni huu anaolipwa mshahara.

Na upande wa pili wa sarafu yuko Garrincha wa Brazili, aliyetwaa Kombe la Dunia mwaka 1958 na 1962. Alikufa mwaka 1983 akiwa na miaka 49, fukara, na pombe imemmaliza. Brazili nzima ililia. Kilio hicho hakikumrudishia siku hata moja.

KINACHOPOTEA PAMOJA NA MSHAHARA

Tunaposema mchezaji aandaliwe, tusifikirie fedha tu. Tangu alipokuwa na miaka 15 au 16 mtu huyu aliamshwa na ratiba ya wengine. Aliambiwa saa ya kula, saa ya kulala, saa ya kukimbia. Alikuwa na wenzake ishirini na kitu waliokuwa kama ndugu. Na kila wiki alisikia maelfu wakiliita jina lake. Siku anapoacha, vyote hivyo hukatika kwa mara moja. Simu hainyamazi polepole. Hunyamaza wiki ileile.

Ndiyo maana tunawakuta baadhi yao vilabuni mchana, wakisimulia bao lilelile kwa yeyote atakayewanunulia chupa. Tusiwacheke. Wao walipewa jina kubwa lakini hawakufundishwa namna ya kuishi bila jina hilo. Ujana ni moshi, ukienda haurudi; wahenga walisema hivyo kutuonya kabla moshi haujatoweka.

TUJIBU HOJA ZA WENGINE

Tumewasikiliza wanaopinga, na hoja zao zinastahili majibu.

Wa kwanza husema: wachezaji hupewa fedha nyingi na kuzitapanya wenyewe, kosa ni lao. Ni kweli wapo wanaotapanya. Lakini fikirini kijana wa miaka 21, aliyetoka nyumba ya mlo mmoja kwa siku, anakabidhiwa mamilioni kwa siku moja. Ukoo mzima umemsimamia mlangoni, na mshauri hana. Katika Maandiko tunasoma habari za Yusufu kule Misri, aliyejua kwamba baada ya miaka saba ya shibe itakuja miaka saba ya njaa. Yusufu hakumhubiria kila mkulima ajiwekee akiba kisha akaenda zake. Alijenga maghala na kuweka utaratibu wa kutenga sehemu ya tano ya mavuno. Sehemu ya tano ndiyo asilimia 20, kipimo kilekile cha mchango wa NSSF. Busara ya mtu mmojammoja ni njema, lakini ghala hujengwa na utaratibu.

Wa pili husema: masomo yatamvuruga mchezaji. Mazoezi ya kawaida huchukua saa chache kwa siku. Saa zinazobaki, wengi huzimalizia kwenye simu na kwenye kamari za mpira. Katika akademia za Uingereza vijana wa miaka 16 hadi 18 hutengewa saa za masomo ndani ya wiki ya mazoezi, kwa sababu viongozi wao wanajua kwamba wengi wa vijana hao hawatafika timu ya wakubwa. Chama cha wachezaji wa nchi hiyo kilichoanzishwa mwaka 1907 kinawasaidia wanachama wake kusoma na kujifunza ufundi. Wenzetu hao wana fedha kutuzidi, na bado wameona elimu ni ya lazima.

Wa tatu husema: mchezaji akiacha atakuwa kocha. Tuhesabu tena. Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina timu 16. Kila timu ikiwa na wachezaji 25 tu, hao ni 400, na makocha wakuu ni 16. Hata tukiongeza wasaidizi, makocha wa makipa na timu za madaraja ya chini, nafasi haziwatoshi. Na ukocha wenyewe una madaraja ya leseni, D, C, B hadi A, yanayosomewa kwa miaka. Anayetaka njia hiyo na aanze leseni ya chini angali anacheza. Wengine wahitaji njia nyingine.

Wa nne husema: klabu zetu ni maskini. Tunajibu kwamba mchango wa hifadhi ni sehemu ya ujira, na kwa hiyo klabu haiwezi kuuhesabu kama zawadi. Anayeweza kumnunua mshambuliaji kutoka nchi za nje anaweza kulipa mchango wa beki wa nyumbani. Na kumpangia mchezaji saa mbili za masomo mara tatu kwa wiki hakuhitaji fedha nyingi, kunahitaji nia.

YAFANYIKE NINI?

Kwa viongozi wa mpira tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, shirikisho hutoa leseni kwa klabu kabla ya msimu. Basi iwe sharti la leseni hiyo kwamba klabu ionyeshe risiti za michango ya NSSF na ya Mfuko wa Fidia kwa kila mchezaji. Pili, kila klabu iwe na mtu mmoja anayeshughulikia masomo na maisha ya wachezaji, kama ilivyo na daktari na mtunza vifaa. Tatu, itengwe sehemu ya fedha za mauzo ya wachezaji kwa ajili ya elimu. Kanuni za FIFA huelekeza kwamba mchezaji anapouzwa kabla ya mkataba wake kwisha, hadi asilimia 5 ya fedha hizo zigawiwe klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Fedha hizo zimetokana na utoto wa mtu. Ni haki zirudi kuwasomesha watoto wengine.

Kwa wachezaji wenyewe tunasema: jiungeni. Kipo chama chenu, SPUTANZA. Mchezaji mmoja akidai mchango wake huitwa mkorofi. Wakidai wote huitwa wafanyakazi. Na milango ya elimu haijafungwa kwa aliyeacha shule. Upo Mtihani wa Maarifa kwa anayetaka kurudi kwenye njia ya kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Ipo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. VETA hufundisha ufundi, na humpima na kumpa cheti hata yule aliyejifunzia kazi mtaani. Kipo Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi ili wasome. Kipo Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, mkoani Mwanza. Na aliyekwisha kuacha mpira akiwa amebakiza miezi michache ya kufikia ile 180 anaweza kuendelea kuchangia NSSF kama mtu aliyejiajiri.

Tusiwasahau dada zetu. Mpira wa wanawake umekua, na Ligi Kuu yao ipo, lakini mishahara yao kwa kawaida ni midogo kuliko ya wanaume, na kwa hiyo akiba yao ni ndogo zaidi. Tangu mwaka 2021 kanuni za FIFA zinampa mchezaji wa kulipwa likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, pamoja na angalau theluthi mbili za mshahara wake. Msichana anayeachishwa timu kwa kuwa ni mjamzito amevunjiwa haki, na asimame mtu wa kumwambia hivyo.

NA SISI PAROKIANI?

Wajibu wetu walei na mapadre haupungui. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu huanzia kwetu, siku mtoto anapotolewa shule ili akajiunge na kambi ya timu. Wazazi, msikubali. Akija mtu kumchukua mtoto wa kidato cha pili kwa ahadi ya majaribio ng'ambo, mwulizeni atasoma wapi, nani ameandika mkataba, na nani atalipa nauli ya kurudi akishindwa. Asiyeweza kujibu maswali hayo matatu na aondoke na ahadi zake.

Shule zetu zinazowapokea vijana kwa sababu ya mpira, na ziwafundishe kama wanafunzi wengine. Haifai kijana aletwe kushinda vikombe vya shule kisha aondoke hajui kuandika barua ya kuomba kazi. Halmashauri za Walei ziwatafute wanasheria na wahasibu waliomo parokiani, wakubali kusoma mkataba wa kijana bila malipo kabla hajausaini. VIWAWA na WAWATA waandae semina juu ya akiba, na wachezaji wa timu za mtaani waalikwe, wawe wa dini yetu au wa dini nyingine, maana njaa ya uzee haiulizi mtu anasali wapi. Wenye karakana, maduka na mashamba wapokee mchezaji mmoja mmoja kujifunza kazi wakati ligi imesimama.

Tena, katika Jumuiya Ndogo Ndogo wamo wachezaji wa zamani wanaokaa kimya benchi la nyuma. Wapeni kazi ya heshima. Mtu aliyezoea kuamka mapema, kutii mwalimu, kuvumilia maumivu na kucheza pamoja na asiyempenda, huyo ana mafunzo ambayo mwajiri mwema huyatafuta. Kinachomkosesha kazi mara nyingi ni cheti na mtu wa kumwamini.

Mpira ni furaha halali, na tutaendelea kuushangilia. Lakini kiingilio tulipacho mlangoni kisitufanye tudhani kwamba tumemaliza kulipa. Kijana ametupa miaka yake ya nguvu. Tumsaidie, angali na nguvu hizo, apate kazi atakayoifanya zitakapopungua.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya:

1. Je, yuko katika mtaa wetu mchezaji wa zamani anayeishi kwa shida? Alipokuwa akicheza, ni nani aliyekuwa na wajibu kwake, na sasa tunaweza kufanya nini pamoja naye?

2. Vijana wetu wanaocheza mpira wanasoma? Kama hawasomi, sababu ni ada, ni muda, au ni sisi wazazi?

3. Ni nani katika parokia yetu anayeweza kumsomea kijana mkataba? Tumtaje kwa jina, na tumwombe kabla ya usajili ujao.

4. Ni fundi gani au mfanyabiashara gani kati yetu aliye tayari kumpokea mchezaji mmoja ajifunze kazi?